Pazia Ndani ya Konokono

Tik.

Subilaga alifumbua macho gizani, akasubiri. Mvua ilikuwa ikipiga bati kwa wiki ya tatu mfululizo, na chini ya kelele ya mvua, karibu kabisa na sakafu, sauti ikaja tena. Tik. Ndogo, kama ukucha unaogonga bakuli.

Alijua ni nini kabla hajataka kujua. Alinyoosha mkono akampapasa Lugano, binti yake wa miaka minne, akaukuta mgongo wenye joto ukipanda na kushuka. Ndipo naye akapumua. Kisha akashuka ngazi.

Katika bonde la Ikuba kila kitanda kilikuwa na ngazi. Vitanda vilijengwa usawa wa bega la mtu mzima, na mzazi aliyekutwa na mtoto amelala mkekani aliitwa kwa mjumbe kujieleza. Uzito hulala chini. Ndivyo walivyoiita hewa ukaa iliyokuwa ikijikusanya tumboni mwa ziwa la juu, ziwa lililokaa ndani ya mdomo wa volkano ya zamani kama uji ndani ya bakuli. Uzito hauna rangi wala harufu. Ukimwagika hutiririka bondeni kama maji, hujaza kila shimo, huzima kila moto, na anayelala ndani yake haamki. Ulishamwagika mara moja, Subilaga akiwa bado mgongoni mwa mama yake. Waliosalia walihamishiwa tambarare za Usangu, wakakaa huko miaka kumi na moja wakila vumbi, mpaka mabomba saba yaliposhushwa ziwani kuutoa uzito kidogo kidogo. Wakaruhusiwa kurudi, kwa masharti.

Sharti la kwanza lilikuwa hiki kilichokuwa kikigonga chini ya kitanda. Aliwasha tochi ya simu, akainama. Kinusio, kijisanduku cha kunusa uzito, cha ukubwa wa kipande cha sabuni, kilikuwa kimelazwa sakafuni, kimefungwa kitambaa cha mwanasesere mpaka kidevuni. Lugano alikuwa amekiiba tena.

Tik.

"Mama anapika pombe," Subilaga alijisemea. Jiko la mama mkwe wake lilipakana na ukuta huo, na pombe ikichacha hutoa hewa ileile. Bonde zima lilijua hivyo kwa uchungu. Kengele ya kwanza ya uongo ilipigwa na madumu thelathini ya pombe ya matanga yaliyofungiwa chumba kimoja. Ya pili ilipigwa na mikungu ya ndizi iliyofukiwa ili iive kwa ajili ya harusi. Mara zote mbili watu walipanda kilimani na watoto na kuku, wakakaa huko kutwa nzima kwenye baridi, wakashuka wakichekwa na redio za mjini. Na sheria ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji: kengele ya uongo ya tatu, bonde linafungwa. Watu wasioweza kutunza vinusio vyao hawawezi kuaminiwa kuishi chini ya ziwa.

Basi, bila kikao na bila mtu kumwambia mwenzake, vinusio vya Ikuba vilianza kupanda. Vilitakiwa kukaa kiganja kimoja kutoka sakafuni. Sasa vilining'inia kwenye misumari karibu na dari, kwenye hewa safi, kimya kama picha za marehemu. Subilaga, aliyesomea hesabu za hewa na maji kwa miaka minne katika madarasa ya jioni, mtoto akinyonya mapajani na kalamu mkononi, alijua vizuri kwamba kinusio cha darini hakinusi kitu. Naye alikitundika.

Alikivua kitambaa cha mwanasesere, akapanda juu ya kigoda, akakirudisha msumarini. Akasikiliza. Kimya.

"Mama." Lugano alikuwa amekaa kitandani, macho yamefumbwa nusu. "Umemchukua mtoto wangu."

"Nimempandisha juu akalale."

"Anakohoa," Lugano alisema. "Usiku wote anakohoa."

"Atapona. Lala."

Mtoto akalala palepale. Mama yake hakulala tena. Alikaa kwenye ngazi ya kitanda, miguu imejikunja ili isiguse sakafu, akijiambia kwamba anakwepa ubaridi tu.

* * *

Konokono alikuwa chombo cha kuzamia cha watu wawili, tufe la chuma na kioo kinene, upana wake hauzidi mikono miwili iliyonyooshwa. Kila asubuhi winchi ilikishusha kutoka kituoni, kwenye ukingo wa juu wa kreta, ule mdomo wa volkano, mpaka majini, kikazama kuchora sakafu ya ziwa na kukagua mabomba. Viti vyake viwili vilipeana mgongo. Aliyekaa mbele, naye ni Subilaga, aliendesha na kutazama. Aliyekaa nyuma alisoma mitambo na kuchukua sampuli.

Na katikati ya viti hivyo lilining'inia pazia la kitenge chenye maua ya njano.

Pazia halikuwemo kwenye michoro ya waliokiunda Konokono. Liliwekwa na mama mkwe wa Subilaga, kwa mikono yake, kwa sindano na pini za nguo. Rubani wa nyuma alikuwa amevunjika mguu kwenye bodaboda, na mtu mwingine pekee bondeni mwenye leseni alikuwa mume wa mama huyo: baba mkwe wa Subilaga mwenyewe. Kwa mila yao ya Kinyakyusa, mwanamke na baba wa mumewe hawaonani uso. Akija njiani, unaacha njia. Jina lake hulitamki, na Subilaga, kwa miaka mitano ya ndoa, hakulitamka hata moyoni. Alikuwa "Mzee" basi. Aliijua kofia yake ya sufu kwa mbali na kikohozi chake cha asubuhi nyuma ya migomba. Wazee walikaa kikao cha saa sita kuamua kama wakwe wawili wanaweza kufungiwa ndani ya chungu kimoja chini ya maji. Aliyekata shauri alikuwa mama mkwe. "Wekeni pazia," alisema, "na wasisemeshane. Ziwa halingoji mguu upone."

Hawakusemeshana. Walikisemesha chombo.

"Konokono," sauti ya Mzee ilisikika nyuma ya kitenge, asubuhi hiyo, mlango ulipofungwa, "mwambie mtu aliye mbele kwamba mkanda wake wa bega la kushoto haujalia. Sijausikia."

Subilaga akaubana, ukalia. "Konokono, mwambie aliye nyuma nashukuru."

"Amri haijaeleweka," Konokono akajibu. Alikuwa na sauti ya kike, ya Kiswahili kilichonyooshwa kwa pasi, na katika wiki tano za kazi hiyo hakuwahi kuelewa lolote kati ya hayo. Nyuma ya pazia Mzee alicheka puani. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao, na Subilaga alikuwa ameanza kuipenda. Mumewe Ipyana alikuwa Songwe kwa mkataba wa miezi tisa, akijenga nguzo za umeme. Cheko hilo la puani lilikuwa lake kabisa, limeazimwa kwa baba yake.

Maji yakapanda juu ya kioo. Kijani, kisha kijani cha jani lililokauka, kisha giza. Akawasha taa.

"Mita thelathini," Konokono alisema. "Hali shwari."

Subilaga alijaribu kukaa vizuri. Hakuweza. Mgongo ulimwasha, vidole vilitafuta kitu cha kushika. Usiku wote anakohoa. Alipopita jikoni asubuhi, mlango ulikuwa umefungwa. Hakuona dumu wala hakusikia harufu ya pombe. Mvua hufuta harufu, alijiambia.

"Mita sitini. Hali shwari."

Kwenye mita sabini taa zikagonga ukungu.

Alivuta breki kwa nguvu, Konokono akatikisika. Mbele yake, chini kidogo, ulitandaa mstari. Kila rubani aliujua. Juu yake maji mepesi ya mvua. Chini yake maji mazito yaliyobeba uzito, yamelala kama blanketi, na mahali yalipokutana paliumbika ukungu mweupe usiotembea. Maadamu mstari umelala, ziwa limelala. Mahali pake palikuwa mita mia moja na ishirini. Jana ulikuwa mia moja na kumi na nane, naye aliandika kwa mkono wake mwenyewe.

"Konokono," alisema polepole, "mwambie aliye nyuma asome kina."

Nyuma ya pazia swichi ikabofywa, ikabofywa tena. Kisha, "Mwambie ni mita sabini na moja. Mwambie nimesoma mara mbili."

"Mwambie mstari uko hapa."

Subilaga alikiteremsha chombo ndani ya ukungu, taratibu, kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa. Sakafuni, kati ya bomba la nne na la tano, pale ambapo ramani ya jana ilionyesha tope tupu, kulikuwa na ufa. Haukuwa mpana, mtoto angeweza kuuruka. Lakini ulitoa mapovu kwa urefu wake wote, mapovu madogo yaliyobanana, yakipanda hatua chache na kutoweka yakiwa bado chini, yakinywewa na maji yaliyokuwa yameshiba tayari. Juu ya ziwa hakuna ambaye angeona kitu. Maji ya baridi ya wiki tatu za mvua yalikuwa yamekaa juu kama mtu mnene juu ya godoro, na godoro lilikuwa linafura.

"Konokono, mwambie achukue chupa," Subilaga alisema.

Akasikia bomba la sampuli likinyonya. "Mwambie imeshaingia. Mtambo unataka dakika ishirini kutoa jibu."

Dakika ishirini. Mbele ya goti lake kulikuwa na kifuniko chekundu, na chini yake tundu la ufunguo. Lingine kama hilo lilikuwa nyuma. Funguo mbili zikizungushwa pamoja, ving'ora vya bonde zima vinalia. Masharti yake aliyajua kama jina la mwanawe: jibu la chupa; au, bila chupa, dalili mbili, moja ya ziwani na moja ya nyumbani, kinusio kilichogonga. Ofisi ingetazama ukuta wake wa taa, taa moja kwa kila kinusio, asubuhi hiyo na kuona nyumba mia tatu na kumi, zote kijani. Zote shwari, darini.

Saa nne kasoro. Saa nne na nusu watoto wa chekechea hunywa uji, kisha walimu huwalaza mikekani, kwa kuwa sheria ya ngazi ilikuwa ya nyumbani tu. Chekechea ilikuwa kando ya kijito, mahali pa chini kuliko pote bondeni, kwa sababu pale palikuwa na kivuli.

"Konokono," alisema. "Mwambie kinusio cha nyumbani kwangu kiligonga alfajiri. Mtoto alikishusha sakafuni. Nilidhani ni pombe ya mama."

Nyuma ya pazia kiti cha Mzee kikalia.

"Mwambie," Mzee alisema, "kwamba mama hana pombe. Kimea chake bado kimo kwenye ungo. Mvua haijamwachia kukianika."

Basi uzito ulikuwa umeshafika. Ulikuwa umejipenyeza kwenye nyufa za mlima usiku, ukaingia ndani ya nyumba yake, ukalala chini ya kitanda cha mwanawe, na kitu pekee kilichouona kilikuwa kimevikwa kitambaa cha mwanasesere.

Alifungua kifuniko chekundu. Akatia ufunguo. "Mwambie atie wake."

"Mwambie tungoje chupa."

"Konokono, mwambie hakuna muda wa chupa."

"Mwambie ni dakika kumi na nane." Sauti ya Mzee ilikuwa ya chini, ya mtu anayezungumza na mlango. "Mwambie ufa wa namna hii tuliuona mwaka juzi ukajifunga wenyewe. Mwambie mstari unaweza kupanda na kushuka. Tukipiga na isiwe, ni ya tatu. Kesho malori yako hapa. Mwambie nimemzika mama yangu Usangu kwenye udongo unaopasuka, na mdogo wangu, na nikaapa kwamba mimi watanizika chini ya mgomba wangu. Watu elfu mbili, Konokono. Wamepanda chai. Mwambie dakika kumi na nane siyo muda mrefu."

Ilikuwa hoja. Hilo ndilo lililomtesa. Chupa ingesema kweli, na kweli ilikuwa karibu kiasi hicho. Kama ingesema hapana, bonde lingepona, mapera yangeiva, Lugano angekua akiwa na kwao. Alitazama ufa. Alitazama saa. Mtu mwingine angeweza kungoja. Mtu ambaye hakukipandisha kile kisanduku kwa mkono wake alfajiri na kumwambia mtoto lala.

"Mwambie vinusio vyote viko darini," alisema. "Hakuna nyumba itakayogonga. Mwambie uzito ukija watu watajua pale tu magoti yatakapowaishia nguvu."

"Mwambie najua viko wapi." Kikohozi kikamshika Mzee, kikamwachia. "Misumari niliigawa mimi."

Subilaga alifumba macho. Alikumbuka ule msumari. Mama mkwe aliuleta umefungwa kwenye kipande cha gazeti, mpya kabisa, bila kusema umetoka wapi.

"Konokono, mwambie—"

"Amri haijaeleweka," Konokono akasema.

Alishika kitenge kwa mkono mzima akakivuta. Pini zikaruka, moja ikagonga kioo na kuanguka. Aligeuza kiti, kikapiga kelele kwa kutozoea.

"Baba," alisema. "Nigeukie."

Alimwona bega kwanza, na kofia, na sikio kubwa lililokuwa sikio la Ipyana. Mzee alikuwa ameuficha uso kwa kiganja, kama mtu aliyemulikwa.

"Funika, mwanangu," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza amwite kitu chochote. "Si vizuri."

"Kweli si vizuri. Lakini kama unasema tungoje, uniambie ukinitazama. Lugano yuko chekechea. Wakimaliza uji wanalazwa mikekani. Niambie, baba, tungoje. Nitakutii."

Kiganja kilikaa pale usoni. Taa za nje ziliyaangaza mapovu, na vivuli vyake vikapita juu ya mikono ya mzee huyo, mikono iliyopasuka kwa kazi, ufunguo umeshikwa kati ya vidole viwili kama kitu cha mtu mwingine. Hatimaye mkono ukashuka. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimtazama kwa muda ambao haukuwa mrefu, ila Subilaga aliuhesabu kwa pigo la moyo.

"Kumbe u mdogo hivi," Mzee alisema.

Akatia ufunguo.

Walizungusha pamoja. Konokono alinyamaza, kana kwamba naye alikuwa akifikiri, kisha akasema, "Taja dalili ya ziwa."

"Mstari, mita sabini na moja."

"Taja nyumba ya dalili. Taja mahali pa kinusio."

Hapo ndipo leseni yake ilipokuwa hatarini. Alijua sauti inarekodiwa.

"Nyumba namba arobaini na mbili," alisema. "Kilikuwa sakafuni. Mtoto ndiye aliyekiweka. Miezi miwili kabla ya hapo kilikuwa kwenye msumari karibu na dari. Nilikitundika mimi, Subilaga, rubani wa mbele."

Mzee alijisogeza kuelekea kwenye kipaza sauti. "Msumari niliutoa mimi," akasema, akataja jina lake lote, la kwake na la baba yake na la babu yake, na Subilaga akainamisha kichwa ili asilisikie, akalisikia.

"Imepokelewa," Konokono alisema. "Ving'ora vimefunguliwa."

* * *

Kutoka kituoni mpaka kilima cha kukimbilia kuna njia ya ukingoni ya dakika arobaini. Subilaga aliikimbia kwa ishirini na tano, kitenge cha maua ya njano kikiwa bado mkononi, hakukumbuka kukichukua. Mzee alibaki nyuma na mtu wa winchi kumalizia kufunga.

Mvua ilikuwa imekatika. Kilima chote kilijaa watu na vitu vyao: magodoro, masufuria, mbuzi, televisheni moja iliyofunikwa koti. Alimpata Lugano kwa sauti kabla ya kumwona, akibishana na bibi yake kuhusu kiatu. Alimbeba, akamfunga mgongoni kwa kile kitenge, akambana mpaka mtoto akalalamika.

Mama mkwe alikuwa na matope mpaka magotini. Ndiye aliyeshuka chekechea mwenyewe, hakungoja mwalimu. Alikitazama kitenge.

"Hicho nilikipiga pini mwenyewe," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Kilianguka?"

"Nilikivuta."

Mama mkwe alitafuna jambo hilo. "Akasemaje?"

"Alisema mimi ni mdogo."

"Huyo naye." Mama mkwe alivua khanga ya mabegani akamfunika mtoto miguu.

Saa tano ikapita. Saa sita. Bonde lilikuwa chini yao, limeoshwa, zuri kuliko siku zote, mapaa yanang'aa kati ya migomba. Kwa kuwa ving'ora vilikuta watu wakipika, kila jiko lilikuwa bado linatoa moshi, uzi mmoja mmoja mweupe, na watu walikaa wakitazama moshi wa kwao kama wanaotazama mabasi kituoni.

"Maharage yangu yale," alisema Tupokigwe, mwenye mashine ya kusaga. "Niliyatia saa moja. Sasa hivi ni mkaa."

"Wewe una maharage. Mimi nimeacha ndizi na nyama."

"Nyama ya lini wewe? Mwongo."

Wakacheka, halafu kicheko kikafa. Tupokigwe akageuza shingo. "Na rubani wetu yuko pale amebeba mwana. Subi, mama, na leo ni pombe ya nani? Tuambie tujue tutaimba wimbo gani kwenye malori."

Subilaga alikuwa anatingisha mwili ili mtoto atulie, ingawa mtoto alikuwa ametulia.

Mwenyekiti wa kijiji alipita na simu sikioni, uso umemshuka. Ofisi ilikuwa imesikia ile rekodi. Alisimama mbele yake. "Misumari," alisema taratibu. "Umewaambia habari za misumari. Hata kama leo ni kweli, binti yangu, umetuvua nguo. Na kama si kweli..." Hakumalizia. Akaenda.

Saa saba. Mtu akaanza kufunga godoro lake kwa kamba. Mwingine akasema anashuka kuchukua dawa zake, watu wawili wakamshika, akawatukana, wakamwachia, akasimama palepale asiende popote. Mzee alikuwa amefika. Alikaa mbali, kwenye jiwe, amewapa mgongo kama mila inavyotaka, kofia imeshushwa. Watu walimpita bila kumsalimia.

Jibu la chupa lilikuwa limeshatoka, lakini wao walitoka kabla halijakamilika; chupa ilikuwa ndani ya Konokono, na Konokono alikuwa ananing'inia kwenye ndoano, pasipofikika bila winchi, na mtu wa winchi alikuwa ametoroka kufuata familia yake. Alijaribu kuomba, akagundua hajui aombe nini. Aombe uzito uje? Uingie kwenye nyumba zao, upite juu ya vitanda vyenye ngazi, ukae juu ya meza? Au aombe usije, na kesho Lugano apandishwe kwenye lori akiwa na mwanasesere asiye na kijisanduku?

Juu, ndani ya kreta, kukasikika kitu kama mtu anayeburuta kabati. Kikanyamaza. Wengine walisema ni ngurumo.

Hakuna kilichoonekana. Ukungu mwepesi ulivuka mdomo wa chini wa kreta, ukateremka kwenye njia ya kijito, lakini ukungu huteremka kila siku Ikuba baada ya mvua, na hakuna aliyeunyooshea kidole. Tupokigwe aliendelea kuongea. Mtu wa godoro alimalizia fundo lake.

Lugano akajipenyeza kutoka kwenye kitenge, akasimama juu ya jiwe, mkono kwenye bega la mama yake. Alikuwa akicheza mchezo wake wa kuhesabu moshi, midomo ikitembea kimyakimya. Chekechea. Mashine ya kusaga. Kanisa. Duka la Mwalimu. Nyumba yao. Alihesabu, akasita, akaanza tena kutoka chini.

Subilaga aliufuata mkono wake.

Kwenye jiko la chekechea, kando ya kijito, hakukuwa na moshi. Hapakuwa na upepo, hapakuwa na mvua. Uzi ulikuwepo, sasa haupo. Akatazama mashine ya kusaga. Uzi wake ulikonda, ukajikunja kama unaosita, ukakatika. Kisha nyumba mbili za chini ya kanisa, kwa pamoja. Maneno ya Tupokigwe yakapungua, yakaisha, mdomo ukabaki wazi. Kamba ilimtoka mkononi mtu wa godoro. Mmoja baada ya mwingine kilima kizima kikasimama, na ukimya ukapanda kutoka bondeni nyumba kwa nyumba, jiko kwa jiko, kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Kila uzi uliokatika, mtu fulani karibu yake alishusha pumzi, akamvuta wa kwake.

Kwenye jiwe lake Mzee alikuwa amegeuka. Alimtazama mkewe, akamtazama mjukuu, akamtazama Subilaga usoni, mbele za watu wote, hakuinamisha macho.

Mkono mdogo begani ulimbana. Lugano alikuwa amefika mwisho wa hesabu yake.

"Mama," alisema, "moto wa bibi umezimika."